Lugha Ambayo Pasipoti Iliniruhusu Kufundisha

Mwalimu wa lugha anayekwenda kufanya kazi nje ya nchi hupimwa mara mbili, na kipimo cha darasani ndicho chepesi. Kile kingine hufanywa na watu ambao hawatamsikia akifundisha hata siku moja: ofisa wa viza, ofisa wa kibali cha kazi, polisi wa kata anakoishi. Hao hawaulizi unajua nini. Wanauliza umetoka wapi, unamfanyia nani kazi, na leo uko upande gani wa mpaka. Nilifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini China kuanzia 2018, na maswali hayo matatu ndiyo yaliyoendesha maisha yangu ya ualimu huko, kuliko mtaala wowote niliowahi kuuandaa.

Nilikuwa na shahada ya elimu, masomo ya Kiswahili na Kiingereza, niliyoipata hapahapa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kama wahitimu wengi wa ualimu nilikuwa nasubiri ajira ya Serikali, na wakati nasubiri nilifundisha shule binafsi wilayani Masasi kwa mshahara ambao, nikishalipa chumba na chakula, ulibaki jina tu. Mhadhiri aliyenifundisha isimu ndiye aliyenipigia simu kunieleza kwamba chuo kimoja China kinatafuta mwalimu wa Kiswahili. Jambo hilo halikunishangaza sana, maana Kiswahili kilianza kufundishwa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na siku hizi kipo katika vyuo kadhaa vya lugha za kigeni nchini humo. Nilisailiwa kwa njia ya video nikiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako ndiko mtandao ulikokuwa na nguvu, na baada ya majuma machache nikaandikiwa kwamba nimepata kazi. Shughuli yenyewe ikaanza hapo.

China iliunganisha vibali vya kazi vya wageni katika mfumo mmoja wa nchi nzima kuanzia tarehe 1 Aprili 2017, na mfumo huo huwapanga waombaji katika madaraja ya A, B na C. Kwa mwalimu wa lugha masharti yameandikwa wazi: kwa kanuni afundishe lugha mama ya nchi yake, awe na shahada ya kwanza au zaidi, na awe amefundisha lugha kwa miaka 2. Aliyesomea elimu, lugha au ualimu husamehewa sharti la uzoefu. Shahada yangu ya ualimu, ambayo nyumbani ilikuwa ikisemwa kwamba imejaa mitaani, huko ndiyo iliyonipunguzia safari.

Hilo la lugha mama linahitaji maelezo kidogo. Mimi ni Mmwera wa Ruangwa. Bibi yangu mzaa mama alinilea kwa Kimwera mpaka nilipopelekwa shule, na Kiswahili fasaha nilikisoma kwa viboko kama Watanzania wengine. Kwenye fomu ya kibali cha kazi habari hizo hazina pa kuandikwa. Pasipoti yangu ni ya Tanzania, Tanzania inazungumza Kiswahili, basi Kiswahili ni changu na ninaweza kukifundisha. Kiingereza, ambacho nilifundishwa nacho masomo karibu yote tangu kidato cha kwanza mpaka naondoka chuo kikuu, na ambacho nina shahada ya kukifundisha, hakikuhesabiwa kuwa changu. Mtu mwenye pasipoti ya Afrika Kusini, ambaye huenda nyumbani kwao anazungumza Kizulu au Kixhosa, anakubalika kufundisha Kiingereza, mimi sikubaliki. Korea Kusini nayo hufanya vivyo hivyo kwa viza yake ya walimu wa lugha, ile inayoitwa E-2: kwa Kiingereza huitoa kwa raia wa nchi 7 tu, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Walimu wenzangu huuita utaratibu huu ubaguzi, na sina hoja ya kuwapinga. Lakini nimegundua pia kwamba mlango uleule unaotufungia Kiingereza unatufungulia Kiswahili, na vijana wengi wa kwetu wanausukuma upande uliofungwa kwa sababu nafasi za Kiingereza ndizo nyingi na ndizo zinazotangazwa.

Baada ya hapo zikaja nyaraka. Nilitakiwa kuwasilisha cheti cha shahada na nakala ya matokeo, cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba sina rekodi ya jinai, fomu ya uchunguzi wa afya, wasifu, mkataba na pasipoti. Pasipoti ndiyo iliyonisumbua kwanza, kwa sababu ilikuwa ndiyo kwanza pasipoti za kielektroniki zimeanza mwaka huo wa 2018, ada yake shilingi 150,000, na maombi yake yalihitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA vinavyokubaliana. Vyangu havikukubaliana. Cheti cha kuzaliwa kilichukuliwa nikiwa tayari nimeanza shule, na karani aliandika Hadija, kama anavyotamka baba. Vyeti vya shule vyote vilisema Khadija. NIDA walikuwa na Khadija, lakini jina la babu lilikuwa limewekwa mahali pa jina la baba. Huku Kusini mambo haya ni ya kawaida kabisa, mtu anaweza kuwa na majina matatu kwenye vyeti vitatu na kila mtu kijijini akamjua kuwa ni mmoja. Ofisa wa viza hakijui kijiji chenu. Kwa wakili mmoja wa mtaa wa Ligula niliapa hati ya kiapo kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, nikaomba cheti cha kuzaliwa kirekebishwe, nikarudi NIDA, na kila ofisi ilinitaka niende kwanza kwenye nyingine. Baba, ambaye hakuwahi kuona kosa lolote katika jina langu, alikuwa akiuliza kila jioni, "Kwani Wachina wanataka Hadija yupi?"

Vyeti vilipokubaliana ikaja kazi ya kuvithibitisha. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Apostille wa mwaka 1961 hubandika hati moja ya uthibitisho, na cheti kikawa halali katika nchi zote wanachama. Wakati huo Tanzania haikuwa imejiunga, wala China, ambayo mkataba huo ulianza kutumika kwake tarehe 7 Novemba 2023. Kwa hiyo kila cheti changu kilipita ngazi kwa ngazi: kwanza kithibitishwe hapa kuwa ni halali, kisha kigongwe muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha kipelekwe ubalozi wa China uliopo Dar es Salaam, ambao haukuthibitisha cheti chenyewe bali uliuthibitisha muhuri wa wizara. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Unapanda basi alfajiri, unapita Lindi, unapita Nangurukuru na Somanga, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unaingia jijini jioni wakati ofisi zote zimefungwa, unalala kwa ndugu, na asubuhi unaambiwa urudi kesho kutwa.

Ubaya wake ni kwamba nyaraka hizi huchacha kama samaki wa soko la Feri. Cheti cha polisi kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6, na uchunguzi wa afya vivyo hivyo. Ukikianza cheti cha polisi mapema kwa bidii, shahada ikachelewa kuthibitishwa, utajikuta cha polisi kimeisha muda na alama za vidole zinachukuliwa upya. Ninayemshauri leo namwambia aanze na vile visivyoisha muda, yaani shahada, matokeo na marekebisho ya majina, na polisi na hospitali aviache mpaka mwajiri amemwandikia kwamba faili liko tayari kufunguliwa.

Nyaraka zilipokamilika zilitumwa kwa mwajiri, na mwajiri ndiye aliyeomba kibali. Jambo hili vijana wengi hawalijui: mwalimu haombi kibali cha kazi cha China, anaombewa. Kilichonijia ni arifa ya kibali cha kazi, ukurasa wenye namba, jina langu, namba ya pasipoti, jina la chuo na cheo nitakachoshika. Kwa arifa hiyo ndipo ubalozi ukanipa viza ya Z, ambayo ndiyo viza ya kazi. Kwenye stika ya viza, pale panapoandikwa siku unazoruhusiwa kukaa, paliandikwa 000. Mama aliiona akadhani nimenyimwa. Maana yake ni kwamba viza yenyewe ni ya kuingilia tu, haina siku zake. Ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na hicho ndicho kinachokufanya uwe mkaazi halali.

Siku 30 zinapita haraka mno kwa mtu ambaye hata soko halijui. Ndani ya saa 24 za kufika unatakiwa uwe umejiandikisha polisi mahali unapolala, kama hukulala hotelini. Uchunguzi wa afya nilioufanya hospitali ya hapa Mtwara ulirudiwa wote, kuanzia damu mpaka picha ya kifua, katika kituo kinachotambuliwa na mamlaka za huko. Kisha kitambulisho cha kibali cha kazi, kisha pasipoti ikachukuliwa na idara ya uhamiaji ya polisi ili ibandikwe kibali cha ukaazi, na kwa muda huo wote nilitembea na kipande cha stakabadhi chenye picha yangu. Chuo kilikuwa na mtu wa kushughulikia wageni, kijana mpole aliyejipa jina la Kiswahili la Tumaini, na bila yeye sijui ningefikaje ofisi hizo. Wanafunzi wangu nao walikuwa na majina hayo: Neema, Baraka, Zawadi. Darasani nilisahau kabisa kwamba mimi ni mgeni mwenye tarehe ya mwisho.

Tarehe hiyo, hata hivyo, haikunisahau. Kibali changu kilikuwa cha mwaka mmoja mmoja, kikiambatana na mkataba, na kilinifunga kwa chuo kile peke yake. Chuo kingine cha mji jirani kiliwahi kuniomba niwafundishie saa chache kwa wiki kwa malipo mazuri. Nilikataa, kwa sababu kufundisha nje ya mwajiri aliyeandikwa kwenye kibali, bila kuombewa ruhusa, ni kufanya kazi kinyume cha sheria hata kama kibali unacho. Na ukitaka kuhama kabisa, mwajiri wa zamani lazima akupe barua ya kukuachilia na kufuta kibali chake kabla mpya hajaomba. Nimewaona walimu wenye shahada za uzamivu wakimbembeleza karani kwa sababu ya barua hiyo. Mwajiri mwema huitoa siku hiyohiyo. Asiye mwema anajua kwamba siku za kibali chako zinahesabika, naye haoni haraka.

Mtoto wa mama yangu mdogo, wa Tandahimba, alikuja China kwa njia nyingine. Alikuwa na shahada ya Kiingereza, sauti nzuri na ucheshi, na mtu mmoja mtandaoni alimwahidi kazi ya kufundisha Kiingereza shule ya chekechea kwa mshahara mara mbili ya wangu. Ule ulikuwa msimu wa korosho wa 2018, Serikali iliponunua korosho za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na mama mdogo, fedha yake ilipoingia, aliitoa karibu yote kulipia ada ya dalali na tiketi. Nilimpigia simu kabla hajaondoka, nikamwomba anisomee viza yake. Ilikuwa M, yaani ya biashara.

"Dada, wameniambia tutaibadilisha hukohuko," akaniambia. "Kwanza ndiyo njia wanayopita wote."

Alisema kweli katika hilo la pili. Wengi walipita njia hiyo, na wapo walioipita miaka bila kuguswa. Lakini ile ahadi ya kwanza haikuwa na mahali pa kutekelezwa, kwa kuwa kazi aliyokwenda kuifanya ilikuwa ya Kiingereza na pasipoti yake ilikuwa kama yangu. Hakukuwa na viza ya kazi ya kubadilishia. Dalali alilijua hilo, na shule ililijua hilo, na ndiyo sababu hawakuomba arifa ya kibali tangu mwanzo. Kwa wazazi wa watoto shule ilimtambulisha kuwa ni mtu wa Afrika Kusini. Wakaguzi walipokuja, alifungiwa stoo ya magodoro ya watoto, mtu mzima mwenye shahada, mpaka waondoke. Mwezi wa kwanza alilipwa sawasawa, wa pili akalipwa nusu, na alipodai akaulizwa kama anataka shauri hilo lipelekwe polisi. Hapo ndipo penye sumu ya kazi isiyo na kibali: anayekudhulumu ndiye mwenye siri yako.

Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika Julai 2013, humtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito huongezewa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Mwajiri naye hutozwa yuani 10,000 kwa kila mgeni, jumla isizidi 100,000, na mtu binafsi aliyemtafutia kazi hutozwa 5,000 kwa kila aliyemuunganisha. Ukiisoma haraka utaona kila mmoja ana sehemu yake ya adhabu. Kwa vitendo dalali anakuwa ameshabadilisha namba ya simu, shule inalipa faini inayoweza kuikusanya kwa ada za watoto wachache, na mwalimu ndiye anayelala kizuizini. Ndugu yangu alikamatwa, akalipa faini kwa fedha tulizochangishana, akarudishwa nyumbani. Anayeondoshwa kwa nguvu namna ile anaweza kuzuiwa kurudi kwa mwaka 1 hadi 5. Leo anafundisha Newala, anafundisha vizuri sana, na hapendi tuzungumzie habari hizo mbele ya mama yake. Nimeziandika kwa idhini yake.

Watu hudhani tofauti yangu na yake ni kwamba mimi nilikuwa mwangalifu naye alikuwa na pupa. Sioni hivyo. Tofauti ni kwamba mimi niliitwa kufundisha lugha ambayo pasipoti yangu ilikubali, na aliyeniita alikuwa na sababu ya kuniombea kibali. Yeye angekuwa mwangalifu kiasi gani, kazi ile isingekuwa halali.

Si viza zote zinaumiza kwa namna moja. Mwalimu mwenzangu wa Lindi mjini alikwenda Marekani kwa mpango wa Fulbright unaowapeleka vijana kufundisha lugha zao katika vyuo vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, ambao ni miezi 9 hivi. Viza yake ilikuwa J-1, yaani ya mipango ya kubadilishana wageni, na kwa upande wa nyaraka hakuteseka kama mimi, kwa kuwa mpango wenyewe ulimtolea DS-2019, fomu ya kuombea viza hiyo, na kumwelekeza hatua zote. Mtihani wake ulikuwa dirishani, ubalozini Msasani, kwa sababu sheria ya Marekani inamchukulia mwombaji wa viza ya namna hiyo kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Akaulizwa akirudi atafanya nini. Alieleza shule anayofundisha, likizo aliyopewa kwa maandishi, na wanafunzi wa kidato cha tatu ambao angewakuta cha nne. Akapewa. Kilichomkwaza kilikuja mwishoni, chuo kilipompenda na kutaka kumwajiri abaki akifundisha Kiswahili. Wanaokwenda kwa Fulbright wanabanwa na sharti la kurudi kwao na kukaa miaka 2 kabla ya kuruhusiwa viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu, na kwa walio katika mpango huo msamaha wa sharti hilo ni wa nadra mno. Alirudi Lindi. Ilipotimia miaka 2 nafasi ile ilikuwa na mtu mwingine. Hana kinyongo, kwa sababu sharti lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi aliyotia saini, na anasema laiti angelisoma akiwa na nia ya kubaki asingelala usingizi mwaka mzima.

Mimi nilirudi nyumbani kwa likizo Januari 2020, kabla ya mwaka mpya wa Kichina ulioangukia tarehe 25. Nilibeba begi moja. Nguo zangu za baridi, vitabu na kompyuta ya mezani nilivifungia kwenye nyumba ya chuo. Tarehe 28 Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa wageni, hata wenye viza na vibali vya ukaazi vilivyo hai, kwa sababu ya korona. Kibali changu kilikuwa hai mpaka Agosti, kikiwa kimebandikwa ndani ya pasipoti niliyoishika mkononi Mtwara, na hakikuwa na kazi yoyote.

Tukafundisha kwa mtandao. Beijing wametutangulia kwa saa 5, kwa hiyo kipindi kilichoanza saa mbili asubuhi ya kwao kwangu kilikuwa saa tisa usiku. Nililala saa mbili, nikaamka saa nane na nusu, nikafundisha kwa sauti ya chini ili nisiamshe nyumba, na umeme ulipokatika niliendelea kwa simu mpaka chaji iishe. Kipindi cha pili kiligonga kwetu saa kumi na moja alfajiri, na siku moja adhana ya msikiti wa jirani iliingia yote kwenye kipaza sauti. Wanafunzi wakauliza ni saa ngapi huko, nami nikageuza somo zima kuwa la kutaja saa za Kiswahili, ambalo kwa kawaida huwatesa, na siku ile walilielewa wote kwa sababu walisikia alfajiri yenyewe.

Agosti kibali kikaisha muda. Kukihuisha kulihitaji niwe ndani ya China na pasipoti ipelekwe polisi, na kuingia China kulihitaji kibali kilicho hai. Tarehe 28 Septemba mlango ulifunguliwa kwa wenye vibali vya ukaazi vya kazi ambavyo havijaisha. Mimi nilikuwa nimepitwa kwa majuma machache. Walioishiwa walitakiwa kuomba viza upya, na mimi niliambiwa nilete pia barua maalumu ya mwaliko kutoka ofisi ya mambo ya nje ya jimbo, ambayo ilitolewa kwa uchache sana. Chuo kiliniombea, hakikupata. Wakati huohuo benki ilizuia akaunti yangu kwa kuwa kibali kilichosajiliwa nacho kimeisha, na ili niifungue nilitakiwa kufika tawini mimi mwenyewe. Namba ya simu ya huko ilipofungwa kwa kutowekewa fedha, hata ujumbe wa kuthibitisha sikuweza kuupokea. Mshahara wangu ulikuwa unaingia mahali nisipoweza kuufikia.

Mwaka uliofuata mkataba haukuongezwa. Mkuu wa idara aliniandikia kwa heshima kwamba chuo hakiwezi kumlipa kama mtaalamu wa kigeni mtu asiye na kibali, naye alikuwa anasema kweli. Utoaji wa viza ulirejea kawaida tarehe 15 Machi 2023, na wakati huo nafasi yangu ilikuwa na mwalimu mwingine. Vitabu vyangu Tumaini alinitumia, nguo nilimwambia agawe.

Nimeendelea na kazi. Nilihudhuria mafunzo ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na sasa nafundisha sekondari mchana na jioni nafundisha kwa mtandao watu walioko nchi mbalimbali, kila mmoja akiwa kwao nami nikiwa kwangu. Malipo ni madogo kuliko ya chuo. Lakini mkononi nina akaunti ninayoweza kuifungua.

Siku hizi walimu wanaopata nafasi huleta karatasi zao kwangu, na ninazisoma kwa mpangilio uleule: jina la mwajiri ni lile lile kwenye mkataba na kwenye arifa? Kazi iliyoandikwa ni ya lugha ipi? Viza ni ya kazi, au ni ya biashara, ya masomo, ya matembezi? Mkataba unasema nini kuhusu barua ya kuachiliwa, na nini kitatokea kibali kikiisha mwalimu akiwa nje ya nchi? Hilo la mwisho hakuna mkataba niliouona ukilitaja kabla ya 2020, na mingi mpaka leo hailitaji, kwa hiyo nawaambia waombe liongezwe kwa maandishi. Wengine waajiri wao wamekubali. Dalali anayeomba fedha kabla ya kuonyesha arifa yenye namba, namwambia mtu aachane naye, na kwa hili huwa sibembelezi.

Juzi binti mmoja wa Chikongola ameniletea arifa ya kweli, ya kufundisha Kiswahili, mwajiri anajulikana, kila kitu kimekaa sawa isipokuwa jina lake la tatu limeachwa. Akauliza kama hawawezi kulirekebisha uwanja wa ndege. Tukakaa barazani tukamwandikia mwajiri barua ya kuomba arifa isahihishwe, tukaambatanisha ukurasa wa pasipoti. Bado tunasubiri jibu, na cheti chake cha polisi kimebakiza miezi miwili.